Somo: Kupiga picha magofu ya pwani kabla masika hayajayaangusha

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu pale Forodhani, Unguja, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Usiku ule nilikaa kupekua picha zangu zote za jumba lile. Nilikuwa nazo zaidi ya mia: machweo, mlango wa nakshi, mizinga ya mbele, watoto wakikimbia barazani. Sikupata hata moja iliyoonyesha ukuta mzima wa ubavuni kutoka pembe hadi pembe, picha ambayo fundi angeweza kuitumia kuhesabu nguzo na kujua dirisha lilikaa wapi. Miaka yote ile nilipiga uzuri wa jengo, jengo lenyewe sikulipiga.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kufanya kazi, na somo hili ni hiyo namna mpya. Mifano yangu mingi ni ya Unguja na Bagamoyo kwa sababu ndiko ninakokwenda mara kwa mara, lakini wanachama wa Kilwa, Lamu, Malindi na Mikindani mtaona mambo ni yaleyale, maana mawe ni yaleyale.

Hatua ya 1: Jua gofu ni la nani

Hakuna gofu lisilo na mwenyewe. Tanzania Bara anza kwa kuuliza Malikale, yaani idara ya mambo ya kale. Zanzibar kuna idara yake ya makumbusho na mambo ya kale, na ndani ya Mji Mkongwe kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kenya utakwenda Makumbusho ya Taifa. Kwa Kilwa Kisiwani, kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla hujapanda chombo, kwa hiyo usifike ufukweni alfajiri ukadhani utamalizana na nahodha.

Kibali cha ofisi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni majirani. Unguja anza kwa sheha. Bara anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kisha salimia nyumba iliyo karibu zaidi na gofu. Siku moja nilikuwa nimeshasimamisha stendi mbele ya nyumba iliyoanguka paa, bibi mmoja akatoka na kuniuliza, "Mwanangu, unapiga picha nyumba ya nani?" Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikakaa. Ndiye aliyenionyesha jiko lilikuwa upande gani, kisima kilifukiwa wapi, na chumba alichozaliwa mamake. Kamera isingeniambia hayo hata ningepiga picha elfu.

Mahali pengine gofu bado lina ibada. Kaole, karibu na Bagamoyo, watu huja makaburini kuomba. Ukikuta ubani, vitambaa au chetezo, usiviguse wala usivisogeze ili picha ikae vizuri. Kwenye msikiti uliobaki kuta tu, mimi huvua viatu nikifika karibu na mihrabu, nikishahakikisha hapana misumari.

Hatua ya 2: Lisome jengo kabla ya kuingia

Hapa ndipo ninapowaomba msiharakishe.

Nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya kawaida haivuki mbali, ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu hivi, pengine tatu. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe hushindiliwa zege ya chokaa. Sakafu hiyo ni nzito mno.

Ugonjwa wake huanzia juu. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kulowesha vichwa vya boriti pale vilipozama kwenye jiwe. Boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki. Katikati ya chumba utaiona nzima, ngumu, imenyooka, kumbe kichwani imebaki unga. Hivyo ndivyo nilivyozama mguu hadi gotini katika ghorofa moja miaka iliyopita, na sakafu nilikuwa nimeitazama kwa chini nikairidhia. Tangu siku ile sikanyagi ghorofa ya jumba bovu asiponitangulia mtu anayelitunza. Hata nikiambiwa watoto hupanda kila siku.

Zunguka nje mara moja bila kamera. Angalia nyufa: ufa wa zamani umeshakuwa mweusi kwa kuvu, ufa mpya ni mweupe ndani kama nazi iliyopasuliwa. Ukiona chini ya ukuta rundo la chokaa mbichi ambalo mvua haijalitawanya, ukuta huo unamwaga sasa hivi. Usisimame chini yake. Angalia kama ukuta umeacha timazi, yaani haujasimama wima. Tazama mizizi: mti wa jamii ya mkuyu ukiota juu ya ukuta hushika na kupasua kwa pamoja, na siku ukikatwa ovyo ukuta hufuatana nao. Angalia pia mahali palipozibwa kwa saruji. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu ukikosa njia hula jiwe pembeni, lipu ya saruji ikabaki imesimama kama ganda la yai. Sehemu kama hiyo inahadaa.

Mwisho, nusa. Harufu kali ya popo maana yake vaa barakoa au usiingie. Vumbi la kinyesi chao huweza kubeba fangasi anayeshambulia mapafu. Nyuki nao hupenda vidaka (vishubaka vya ukutani) na mabomba ya zamani, basi sikiliza kwanza.

Hatua ya 3: Jua na maji

Magofu ya majumba ya Maruhubi na Mtoni yako ufuko wa magharibi wa Unguja, hivyo mwanga mzuri huingia kutoka baharini jioni, kuanzia saa kumi. Bagamoyo inatazama mashariki. Huko ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likitoka upande wa Unguja. Ukikosea hili utapiga kivuli.

Angalia pia maji. Siku za bamvua bahari hupwa mbali na unaweza kusimama pwani ukaona jengo zima kwa upande wa bahari, mahali ambapo maji yakijaa huwezi kusimama. Majira ninayoyapenda ni kaskazi, Januari na Februari, anga safi na majani hayajafunika kuta. Halafu rudi tena Juni, masika yakishapita, upige zilezile. Tofauti ya picha hizo mbili ni habari tosha.

Hatua ya 4: Vifaa

Kamera au simu, stendi ya miguu mitatu, tochi ya kichwani na ya akiba, viatu vya soli ngumu, barakoa, maji, futi kamba, na fimbo ya mita moja uliyoipaka nyeusi na nyeupe kila sentimita kumi. Fimbo hiyo ni bei ya rangi tu, na ndiyo inayomwambia mtu wa miaka hamsini ijayo mlango ulikuwa na kimo gani. Msizidharau fimbo.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kupiga

Anza mbali, malizia karibu. Picha nne za pembe nne kwanza, kila moja ikionyesha kuta mbili. Kisha kila ukuta peke yake, ukisimama katikati yake na kamera ikiwa sawa. Kamera nyingi na simu zina pima maji ndani, alama ya kuonyesha kama kamera iko sawa, iwashe. Ukiinua kamera juu ili upate kilele, kuta zitaonekana zinaegemea nyuma, na atakayekuja baadaye hatajua kama ni jengo lililoinama au ni wewe. Kama halienei, rudi nyuma. Kama nyuma ni bahari, subiri maji yapwe.

Baada ya kuta ndipo uingie kwenye milango, madirisha, vidaka, nakshi, ngazi, mabomba ya maji. Kila kimoja mara mbili: mara ya kwanza na fimbo, ya pili bila.

Chukueni Maruhubi. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga jumba hilo mwanzoni mwa miaka ya 1880, ghorofa ikiwa ya mbao, na moto wa mwaka 1899 ukaiteketeza. Kilichobaki ni nguzo nene za mawe, hamamu na mabirika ya maji. Kila mgeni hupiga nguzo, kwa sababu zinapendeza dhidi ya bahari. Lakini mtu akitaka kuelewa jumba lile liliishije, akafuate maji: yaliingilia wapi, yalipita juu ya nini, yaliangukia birika gani. Piga njia ya maji picha kwa picha, usiruke kipande. Nguzo zitakusubiri jioni.

Kwa wenye kompyuta nzuri: ukipiga kuzunguka jengo kwa hatua fupi, kila picha ikirudia theluthi mbili ya iliyotangulia, programu ya bure kama Meshroom huweza kuziunganisha ikatoa umbo zima la jengo. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulifanya kazi ya namna hiyo kwa leza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Sisi hatuna leza, lakini subira tunayo.

Hatua ya 6: Mwanga wa ndani

Ndani ni giza na dirisha ni jua kali. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100 (wepesi wa kunasa mwanga), tundu la lenzi f/8, kisha piga tatu bila kusogeza: moja ya kawaida, moja yenye giza kwa hatua mbili, moja yenye mwanga kwa hatua mbili. Utaziunganisha nyumbani. Flashi ya mbele iache, inaua michoro ya lipu. Ukitaka maandishi yaliyokwaruzwa ukutani yaonekane, na mashua za kuchora ziko nyingi kwenye kuta za pwani, weka tochi ubavuni karibu kabisa na ukuta, mwanga upite kwa kuteleza. Mistari iliyokuwa haipo itatokea yote.

Hatua ya 7: Andika siku hiyohiyo

Jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja, tarehe, upande wa dira, nani alikueleza nini. Kesho utakuwa umesahau. Ila ukizitoa picha hadharani, usitaje mahali hasa pa gofu lisilo na mlinzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Tanga: Mwalimu shikamoo. Nina simu tu, tena ya kawaida. Naweza kushiriki au nisubiri kamera?

Marahaba. Usisubiri. Futa lenzi kwa kitambaa safi, maana chumvi ya bahari huiziba bila wewe kuona. Tumia lenzi kuu, ile pana sana hupinda kuta. Bonyeza ukuta kwenye kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge. Na ukiwatumia wenzako kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo picha hupunguzwa na maelezo ya tarehe hupotea.

Swali kutoka Mombasa: Nianze Gede au Jumba la Mtwana? Zote sijawahi kuzipiga.

Kama unataka kujifunza, Jumba la Mtwana kwanza, ni dogo na liko wazi kuelekea bahari. Gede ni mji mzima ndani ya miti. Jua la mchana linapopenya majani hutia madoa meupe kwenye kila ukuta, hutaona umbo. Nenda siku ya mawingu, uone zile kuta zilizotambuliwa rasmi kuwa za kihistoria tangu 1927 zikitoka kijivu laini, mlango baada ya mlango.

Swali kutoka Dar es Salaam: Vipi ndege nyuki (droni)? Nimenunua juzi.

Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kwanza, na Zanzibar uliza upya, usidhani cha bara kinavuka maji. Kagua pia jirani: magofu mengi yako karibu na bandari au kambi, na hapo utaangushiwa jumba bovu kweli.

Swali kutoka Kilwa: Kwa nini unatukataza kutaja mahali hasa? Si ndiyo utalii?

Ndugu yangu, magofu yanayojulikana na yenye walinzi yatajeni mchana na usiku. Ninachokataza ni nyumba isiyo na mlinzi yenye mlango wa nakshi au kaure ukutani. Nenda ukatazame makaburi ya nguzo ya pwani, yale mashimo ya duara ndimo zilimokuwa bakuli za kaure kabla hazijang'olewa. Mlango nao hubebeka. Picha piga, kwenye maelezo taja wilaya tu, na nakala kamili ipeleke ofisi ya mambo ya kale.

Swali kutoka Muscat: Assalaam aleikum. Familia yetu ilitoka Unguja mwaka 1964. Tuna picha moja ya nyumba ya babu, inaonyesha baraza na mnazi. Nakuja Desemba, inshallah. Nitaipigaje tena ilingane na ile?

Waaleikum salaam. Mnazi usiutegemee. Tafuta katika picha ya zamani vitu viwili vya mawe, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, kwa mfano pembe ya baraza na dirisha la nyumba ya nyuma. Angalia vinapishana vipi. Ukifika, sogea kulia au kushoto mpaka vipishane vilevile, kisha mbele au nyuma mpaka ukubwa wake ulingane. Lenzi haitakusaidia hapo, ni miguu yako tu. Kuvuta picha hakubadilishi mpishano. Chapisha ile ya zamani kwenye karatasi uishike mkononi.

Na nyumba huenda ina watu. Wamezaa humo, wamezika humo. Nenda na sheha, bisha hodi kama mgeni, waonyeshe picha kabla hujatoa kamera. Waulize kama wanakubali kusimama barazani wapigwe nao.