Kabla ya kununua spea za Land Rover kuukuu

Usiamini kitabu cha gari. Series (Land Rover za zamani, zilizoitwa Series II, IIA na III) ya miaka ya 60 au 70 huenda imeshabadilishwa injini mara mbili tatu, na kilicho chini ya boneti hakifanani na kilichoandikwa. Futa grisi upande wa kushoto wa bloku, karibu na mbele ya manifoldi ya ekzosi: nambari ya injini imegongwa hapo. Ipige picha kabla hujashuka Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maduka ya spea.

Sababu ni hii. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 ilikuwa na beringi kuu 3 za krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) hadi 1980, ndipo zikawa 5. Krenki ya moja haiingii kwenye nyingine, hata muuzaji akiapa. Mimi nilirudisha moja, na nauli ya mkokoteni sikurudishiwa.

Ukifungua, gonga alama kwenye kila kifuniko cha beringi kuu kabla ya kukitoa, kwa sababu vilichongwa pamoja na bloku na havibadilishani nafasi. Pistoni zisubiri fundi apime silinda. Kipenyo cha silinda cha kiwandani ni milimita 90.47, na huenda zimeshapanuliwa.

Giaboksi ni rahisi zaidi. Ya Series III, kuanzia 1971, ina sinkro (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza) kwenye gia zote 4 za mbele. Ya IIA, iliyotangulia III, inayo kwenye ya tatu na ya nne tu, kwa hiyo ikikwaruza ukirudi ya pili, usiishushe bado. Jifunze kukanyaga klachi mara mbili: mara moja kutoa gia, mara ya pili kuingiza nyingine.