Somo: Njia za kisheria kwa mkopaji wa Kenya ambaye nyumba au shamba lake linaelekea mnadani

Ndugu wanachama,

Somo hili linamhusu mtu ambaye hati yake ya ardhi iko benki kama dhamana na malipo ya kila mwezi yamemshinda. Nimeliandika kwa kufuata sheria ya Kenya, kwa hiyo wenzetu wa Tanzania na Uganda wasilitegemee katika mashauri yao, kwani vifungu na siku za notisi vinatofautiana. Ningependa msomaji ashike jambo moja kabla ya mengine yote: sheria inampa mkopaji zaidi ya miezi sita kati ya kushindwa kulipa na siku ya mnada, na miezi hiyo ina faida kubwa kuliko kesi yoyote inayofunguliwa wiki ya mwisho. Inaniuma kuona familia inaanza kutafuta wakili baada ya jirani kuwaonyesha tangazo gazetini, ilhali barua tatu zilifika nyumbani na hazikusomwa kwa sababu ya hofu.

Hatua ya kwanza: soma kila notisi na uandike tarehe uliyoipokea

Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, benki haiwezi kuuza kwa barua moja. Kwanza ni lazima deni liwe limekaa mwezi mzima bila kulipwa, ndipo benki itoe notisi ya kifungu cha 90. Notisi hiyo inapaswa kueleza umekosea nini, kiasi gani hasa kinatakiwa ili kosa lirekebishwe, muda ulio nao, ambao hauwezi kupungua miezi mitatu, jambo litakalofuata usipolipa, na haki yako ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Angalia kwa makini sehemu ya kiasi. Malimbikizo ya miezi minne na deni lote la mkopo ni vitu viwili tofauti, na barua inayosema tu kwamba "unadaiwa, lipa mara moja" haijatimiza matakwa ya kifungu hicho.

Siku 90 zikiisha bila malipo, inafuata notisi ya kuuza chini ya kifungu cha 96, ambayo inampa mkopaji siku 40 nyingine. Nakala yake ni lazima ipelekwe pia kwa mume au mke aliyeridhia rehani, kwa mdhamini, kwa mmiliki mwenza na kwa mpangaji, na ibandikwe mahali panapoonekana penye ardhi yenyewe. Baada ya hapo dalali aliyepewa kazi analeta notisi yake ya siku 45 kwa mujibu wa Kanuni za Madalali za mwaka 1997, na siku hizo zikipita bado haruhusiwi kuuza kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini.

Siku za kila notisi huhesabiwa tangu notisi ilipokufikia, si tangu tarehe iliyochapwa juu ya barua. Kwa hiyo tunza bahasha pamoja na barua, hasa ile ya rejista yenye muhuri wa posta, na uandike nyuma yake nani aliipokea na lini. Wakili atakapoanza kazi, bahasha hiyo itamsaidia kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Hatua ya pili: dai hesabu kamili ya mkopo

Iandikie benki barua ukiomba taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ulipotolewa, ikionyesha mkopo halisi, riba, faini na gharama, kila kimoja peke yake. Sababu ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, ambacho kimekuwa kikitumika tangu Mei 2007. Kifungu hicho kinasema kwamba mkopo ukishaingia katika kundi la mikopo isiyolipika, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Tuseme ulikuwa unadaiwa shilingi 3,000,000 wakati mkopo ulipoacha kulipika: riba inakoma ikifika shilingi 3,000,000 nyingine, kwa hiyo dai haliwezi kuvuka 6,000,000, mbali na gharama halali za kufuatilia deni, ambazo huongezwa juu yake. Kuna tahadhari moja. Ukianza tena kulipa vizuri kisha ukashindwa kwa mara ya pili, hesabu inaanza upya kutoka siku ulipoanguka mara ya mwisho.

Hatua ya tatu: zungumza na benki kwa maandishi, na ufikirie kuuza mwenyewe

Omba kupangiwa upya malipo mapema, ukiambatisha ushahidi wa kipato chako na pendekezo ambalo kweli utalimudu, kwa sababu ahadi iliyovunjwa mwezi wa pili itatumiwa dhidi yako baadaye. Mazungumzo peke yake hayasimamishi siku za notisi. Afisa wa mikopo anaweza kukuambia kwa upole kwamba "tunalishughulikia", na wakati huohuo ofisi nyingine ya benki hiyo hiyo inamwandikia dalali. Makubaliano yoyote yawe kwenye barua iliyotiwa saini na benki, yakitaja wazi kwamba notisi imeondolewa au imesimamishwa.

Ikiwa kipato hakitarudi, maoni yangu ni kwamba kuuza kwa hiari, kwa ridhaa ya benki, ndiyo njia inayookoa mali nyingi zaidi, ingawa ndiyo inayoumiza moyo zaidi. Mnunuzi wa mnadani anakuja akitafuta bei ya kutupa, na juu ya hilo ada ya dalali, mthamini na matangazo yote yanaongezwa kwenye deni lako. Ukimpata mnunuzi wa kawaida, mawakili wa pande zote wanaandikiana ahadi, benki inalipwa moja kwa moja, rehani inaondolewa, na kinachobaki ni chako. Haki ya kulipa na kukomboa ardhi unayo mpaka nyundo ya dalali igonge au mkataba wa mauzo ufungwe. Baada ya hapo imekwisha.

Hatua ya nne: mahakama

Mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya kuzuia mnada. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana hoja yenye uzito, kwamba atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na, pale ambapo mahakama ina shaka, kwamba mizani ya haki inaelemea upande wake. Hoja zenye uzito ni kama kukosekana kwa notisi, kukosekana kwa ridhaa ya mwenzi, au uthamini wa zamani: bei ya chini ya mnada inapaswa kutokana na uthamini uliofanywa ndani ya miezi 12. Kubishania kiasi cha deni peke yake kwa kawaida hakuzuii mnada, na mara nyingine mahakama humtaka mwombaji aweke sehemu ya deni kwanza. Vilevile vifungu vya 103 na 104 vya Sheria ya Ardhi vinamruhusu mkopaji kuomba nafuu, na mahakama inaweza kuahirisha hatua ya benki au kuiwekea masharti.

Ni haki niseme wazi kwamba ushindi unaotokana na dosari ya notisi ni ushindi wa muda. Benki itatoa notisi mpya iliyo sahihi, na usipoutumia muda huo kutafuta fedha au mnunuzi, utarudi palepale ukiwa na gharama za wakili juu ya deni. Asiyemudu wakili aende Kituo cha Sheria, shirika lisilo la kiserikali linalotoa msaada wa kisheria, au kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Kuhusu Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, inasaidia zaidi kwa madeni yasiyo na dhamana. Kutangazwa kuwa muflisi hakuondoi haki ya benki juu ya ardhi iliyowekwa rehani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, hujambo. Mume wangu aliweka rehani nyumba tunayoishi na watoto, nami sikutia saini popote. Je, nina nafasi?

Jibu: Unayo, dada. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinataka rehani ya nyumba ya ndoa itiwe saini na mwenzi anayeishi humo, au kuwe na ushahidi kwamba aliridhia. Kwanza omba kuona hati ya rehani katika ofisi ya usajili wa ardhi, kwa sababu baadhi ya kina mama hukuta humo saini iliyoandikwa kwa jina lao. Ikiwa hivyo, piga ripoti polisi na umweleze wakili mara moja.

Swali: Mimi niko Doha kikazi. Notisi zilitumwa kwenye sanduku la posta ambalo niliacha kulilipia zamani. Naweza kusema sikupewa?

Jibu: Ndugu yangu, inategemea anwani iliyo kwenye hati ya rehani. Ikiwa ni hiyo, na benki ikaonyesha cheti cha kutuma kwa rejista, hoja yako itakuwa dhaifu. Iandikie benki leo ukitoa anwani mpya na barua pepe, na umpe mtu unayemwamini mamlaka ya kisheria ya kukuwakilisha.

Swali: Nilimpa kaka yangu hati ya shamba achukulie mkopo. Benki inamwandikia yeye tu.

Jibu: Mwenye ardhi ni wewe, hivyo notisi za vifungu vya 90 na 96 zinapaswa kukufikia wewe pia. Omba nakala zote kwa maandishi, na usingoje kaka akueleze.

Swali: Shamba letu tayari limeuzwa, tena kwa bei ya chini mno. Kuna lolote?

Jibu: Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana. Kifungu cha 97 kinasema kwamba ikiwa bei imepungua kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kuwa wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo, nawe unaweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Kwa mfano, shamba la shilingi 8,000,000 lililouzwa 6,000,000 au chini yake linaingia hapo. Hata hivyo, mnunuzi asiyehusika na udanganyifu analindwa sana, na katika kesi nyingi kinachobaki ni fidia kutoka kwa aliyeuza. Tafuteni ripoti ya mthamini aliyesajiliwa inayoonyesha bei ya soko ya siku ya mnada, kisha muiombe benki kwa maandishi mchanganuo wa fedha za mauzo, kwani kilichozidi deni na gharama ni mali yenu.