Kabla hujaruka majini, usiyaamini macho yako

Jua saa za maji kupwa na kujaa. Usiogelee peke yako. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea, hata chombo kikiwa kimetia nanga. Haya mnayajua.

Sasa hili: kina hakipimwi kwa macho. Tulikuwa kwenye ngalawa karibu na fungu la mchanga, mchana kweupe, maji maangavu hata kiti cha pweza unakiona kidole kwa kidole. Mpwa wangu akachungulia. “Mjomba, yananifika kifuani tu haya.” Sijafungua mdomo, karuka. Hajui kuogelea. Nikaona kofia inaelea, kisha vidole. Nikapiga kelele “Shika kamba!” mpaka sauti ikakauka. Nahodha hakupiga kelele. Alimshushia upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na mpwa wangu akaudaka. Baadaye tukaupima upondo uleule pale pale: maji yalimzidi kimo kwa shibiri moja.

Ukweli ni kwamba nuru ndani ya maji huenda kama kilomita 225,000 kwa sekunde, na hewani karibu 300,000. Ikitoka majini inapinda, lakini jicho linadhani imekuja moja kwa moja, basi sakafu ya bahari inaonekana imeinuka. Kinachoonekana mita 1.4 ukitazama wima ni karibu mita 1.9. Ukitazama kwa upande, udanganyifu unazidi. Wachoma samaki kwa mkuki hawahitaji fizikia kwa hili: wao hulenga chini ya samaki wanayemwona. Wewe tumbukiza upondo.

Na zile kelele zangu? Zilikuwa bure. Sauti ya hewani ikigonga uso wa maji karibu yote hurudi juu. Inayopenya ni kama sehemu 1 kati ya 1,000. Kwa hiyo patana na mzamiaji ishara za kamba kabla hajashuka: mvuto mmoja njoo, miwili hatari.

Boti ya injini nayo ina lake. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, hewani 340, kwa hiyo inafika masikio yote mawili karibu kwa pamoja. Utaisikia vizuri sana, upande usiujue. Weka boya, na kabla ya kuibuka geuka pande zote utazame juu.

Simu ndani ya mfuko wa plastiki isikutie jeuri, mawimbi yake hufia kwenye maji ya chumvi. Aliyekunywa abaki nchi kavu. Watoto wasitoke machoni. Na upepo ukigeuka, rudini tu, hata kama mmelipia siku nzima.