Kumfuga Samaki Mandarini: Chakula Kwanza, Samaki Baadaye

Samaki mandarini wengi wanaokufa majumbani hufa kwa njaa, tena ndani ya matangi yenye maji safi, mbele ya wafugaji wanaowatupia chakula kila siku. Samaki huyu wa miamba ya matumbawe ya Pasifiki ya magharibi, kuanzia visiwa vya Ryukyu hadi Australia, hazidi sana sentimita 7, na mdomo wake mdogo hudonoa kutwa kopepodi, yaani vijidudu vya baharini vya ukoo wa kamba, vyenye urefu wa milimita moja au mbili. Chembe za chakula kikavu zikimwangukia puani, huzitazama kisha akazipita.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwafuga kopepodi. Andaa tangi la lita 200 au zaidi lenye mawe mengi ya matumbawe yenye viumbe hai, uliache likomae kwa miezi sita hadi mwaka, na pembeni uunganishe tangi dogo la mwani ambalo taa yake huwaka usiku, ili vijidudu wazaliane humo pasipo kuliwa. Ukinunua kopepodi wa chupa, wamwage taa na pampu zikiwa zimezimwa. Saa moja baada ya giza kuingia, mulika kioo kwa tochi: ukiona vidoti vyeupe vikitambaa kila upande, uko tayari, ukilazimika kuvitafuta, subiri.

Maji yawe na nyuzijoto 24 hadi 26, chumvi ya 1.025 kwenye hidromita (kipimo cha uzito wa maji ya chumvi), na amonia isiwepo kabisa. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam atahitaji zaidi kupoza kuliko kupasha.

Dukani, rangi isikulevye. Mtazame kwa juu, nyuma ya kichwa: mgongo uliochongoka na tumbo lililobonyea ni dalili ya njaa ya siku nyingi, na wa namna hiyo ni nadra kupona. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Aliyezaliwa kwenye matangi ya wafugaji huuzwa ghali zaidi, lakini mara nyingi huwa amezoea chakula kilichogandishwa, na kwa maoni yangu bei hiyo ni ya haki. Usiweke madume wawili pamoja, kwani watapigana hata kuuana. Dume utamtambua kwa mwiba mrefu wa pezi la kwanza la mgongoni. Epuka pia samaki wengine wanaowinda kopepodi.

Tumbo lake likianza kubonyea, laza chupa ndogo ya kioo mchangani, mdomo ukielekea anapopita, kisha kwa mrija mwembamba tia humo artemia, yaani vijidudu vya maji ya chumvi vya ukoo wa kamba, waliototolewa siku hiyo. Mkondo wa maji hautawasomba, na mandarini, ambaye hali kwa pupa, ataingia na kudonoa mmoja mmoja kwa mwendo wake.