SOMO: Kutunza kiko nyumbani bila chumba kunuka tumbaku

Nimechoka kujibu hili kila wiki, hasa kwa mnaopanga muzigo wa chumba kimoja Kampala, ambako kiko, kitanda na sufuria vinalala pamoja. Soma lote kwanza.

1. Acha kiko kipoe kabla ya kuchomoa mdomo wake.

2. Kung'uta majivu nje, yamwagie maji.

3. Pitisha kijiti cha pamba ndani ya shina hadi kitoke kisafi. Lami ya tumbaku haitoki kwa maji matupu. Lowesha pamba kwa waragi ya dukani, ile pombe kali ya Uganda. Lira-lira, yaani waragi ya kienyeji, usiyojua ilikopikwa iache. Mwaka 2010 waragi iliyotiwa methanoli, pombe yenye sumu, iliua watu wengi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na shina hili utalirudisha kinywani.

4. Kausha. Hapa ndipo kiko changu cha kwanza kilipoharibikia. Mti umenywa mate, mvuke na waragi. Ukiufungia ukiwa na unyevu, unafungua baada ya siku chache na kukuta ukungu mweupe na uvundo mbaya kuliko ule wa mwanzo. Tenganisha vipande, viache kivulini penye upepo usiku kucha. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, ongeza siku nzima. Usianike juani wala juu ya sigiri, mti utapasuka. Usiuloweke kwenye beseni.

5. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira, pamoja na kipande cha mkaa mkavu ndani ya soksi safi. Plastiki hushika harufu. Chupa ikae juu, mbali na watoto: nikotini ni sumu.

MASWALI

— Mama mkwe anakuja kesho. Nipulize manukato?
Utapata tumbaku yenye manukato. Rudi hatua ya 3.

— Nimefuata yote, chumba bado kinanuka.
Unavutia ndani?
— Dirishani.
Basi ni pazia na godoro, si kiko. Fua pazia, anika godoro, vutia uani.

— Hii inafaa kwa shisha na vyombo vya bangi?
Shisha ilipigwa marufuku na sheria ya tumbaku ya 2015, na bangi haramu. Somo ni la kiko.
— Nimeuliza tu, ssebo (bwana).
Nami nimejibu tu.

— Bibi yangu huko Arua ana kiko cha udongo. Naye atumie waragi?
Swali zuri. Udongo uliochomwa hauogopi moto kama mti. Achomoe shina, akifukie kichwa cha kiko kwenye makaa yanayofifia, nje ya nyumba. Lami itaungua yenyewe. Kisha kipoe humo humo taratibu. Akikimwagia maji kikiwa moto, kitapasuka. Mwambie asikae upande moshi unakoelekea.

— Mimi badala ya mkaa natia machicha ya kahawa.
Yawe makavu kabisa, uyabadilishe mara kwa mara. Ila kahawa inafunika harufu zaidi ya kuinyonya.
— Na vidole?
Limau na chumvi, kabla ya sabuni.