Maradhi ya mripuko yakiingia na bosi akakwambia "nenda nyumbani tutakuita": fanya hivi (kwa tulio Zanzibar)

Machi 2020 nilikuwa nafanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja pwani ya mashariki, Unguja. Kesi ya mwanzo ya korona ikatangazwa hapa kwetu, wageni wakaanza kuondoka, siku chache baadae supavaiza akatuma voisi kwenye grupu la WhatsApp, haikufika hata dakika moja, kwamba kila mtu aende kwao tutaitana hali ikitengemaa. Basi. Hakuna barua, hakuna tarehe, hakuna neno kuhusu mshahara. Tukabeba mabegi tukapanda daladala. Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili, Sikukuu ikaja watoto wanataka nguo, na mpaka hapo hakuna hata mmoja wetu aliekuwa anajua kama bado ni mfanyakazi au keshaachishwa.

Ndo maana naandika. Marburg, homa ya virusi ya jamii ya Ebola, iliingia Kagera 2023 na ikarudi 2025, kipindupindu hapa visiwani sote tunakijua, kwahiyo mripuko mwengine utakuja tu na safari hii usikukute huna karatasi hata moja.

Kitu cha kwanza jua sheria yako ni ipi, maana watu wengi wanatumiana mapicha ya vifungu vya Bara halafu wanafika ofisini wanaambiwa hivo haviwahusu. Mambo ya kazi Zanzibar sio ya Muungano. Sheria yetu ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, kuna Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka huo huo. Mfuko wetu wa hifadhi ya jamii ni ZSSF sio NSSF, na mashtaka yako yanaanzia Kamisheni ya Kazi, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya kazi hapa kwetu, sio CMA, ile tume ya usuluhishi ya Bara. Ukishajua hilo tu ushapunguza nusu ya kuzungushwa.

Sasa hii "likizo bila malipo". Mripuko haufuti mkataba. Mkataba ni makubaliano ya watu wawili, kwahiyo kuubadilisha, iwe kupunguza mshahara, kupunguza siku za kazi au kukaa nyumbani bila kulipwa, panatakiwa makubaliano ya watu wawili vilevile, bosi hawezi kuamua peke yake akamaliza kwa simu. Kwetu kuna mtego mmoja ambao kwengine haupo: masika. Tumezoea hoteli zikifunga Aprili na Mei, tunarudi mashamba au tunauza vitu vidogo vidogo, tunaitwa Juni. Mwajiri akachukua mazoea yale yale akayavisha korona na sisi tukanyamaza kwa sababu tulidhani ni masika tu imekuja mapema. Fungua mkataba wako uangalie umeandikwaje, kama ni wa msimu na msimu umekwisha hiyo ni habari nyengine, lakini kama ni wa mwaka au wa kudumu wewe ni mfanyakazi hata milango ikifungwa.

Siku hiyo hiyo unayoambiwa uondoke, kabla hujapanda gari, mwandikie meneja meseji. Sio voisi, maandishi. Mfano:

"Assalaam alaykum meneja. Leo tarehe fulani nimeambiwa na supavaiza niende nyumbani kwa sababu ya maradhi. Naomba barua inayosema nakaa mpaka lini, mshahara wangu utakuwaje kipindi hichi, na michango yangu ya ZSSF itaendelea au vipi. Mimi niko tayari kufanya kazi wakati wowote nikiitwa. Ahsante."

Hiyo sentensi ya "niko tayari" usiiache, ndio inayomzuia mtu kuja kusema baadae kwamba wewe ndie uliekimbia kazi. Kisha skrinishoti, mtumie ndugu yako mmoja akuhifadhie maana simu zinaibiwa na zinaingia maji. Ukiletewa karatasi usaini, isome, omba kopi, na kama hukubali kitu andika pembeni kwamba hukubali ndio usaini. Karatasi tupu au isiyo na tarehe usiiguse kabisa.

Karatasi nyengine za kuweka pamoja: mkataba, salari slipu za miezi ya karibuni, kitambulisho cha kazi, ratiba ya zamu (ipige picha pale ubaoni). Mimi zangu nilizitia kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati na namshukuru Mungu, kuna mwenzangu mvua ya masika ilivuja ikamharibia mkataba wote. Na ulizia ZSSF michango yako imefika mwezi gani, usisubiri mripuko, nenda leo uulize, wengine wanakuta wanakatwa kila mwezi na pesa haijapelekwa.

Kwa waliobaki kazini, mwajiri anawajibika kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na hiyo maana yake maji na sabuni, barakoa, glavu kwa anaegusa mashuka ya mgonjwa, na kukufundisha namna ya kuvitumia. Na vitu hivi hulipii wewe. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 155 wa 1981 unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na unamlinda alieondoka kwenye kazi kwa sababu ya kuamini kwa haki kwamba maisha yake yako kwenye hatari kubwa ya papo hapo. Juni 2022 ILO waliufanya usalama na afya kazini kuwa haki ya msingi, yani nchi zote wanachama zinatakiwa kuiheshimu hata kama hazijasaini. Kwahiyo ukikatwa elfu mbili mbili za barakoa kwenye mshahara, dai zirudi. Ukiona hatari usikimbie kimya kimya, sema kwanza, kwa maandishi, uwe na shahidi.

Ukiugua wewe, hiyo ni likizo ya ugonjwa, wasikuhesabie kwenye likizo yako ya mwaka. Chukua cheti cha daktari. Ukiwekwa karantini omba karatasi kwa watu wa afya inayoonesha umeingia lini umetoka lini. Na maradhi yako ni siri yako, meneja kutaja jina lako kwenye grupu kwamba fulani anao ni kukuvunjia heshima, na wallahi niliona dada mmoja akikimbiwa hata kisimani kwao kwa meseji kama hiyo.

Kupunguza wafanyakazi kunaruhusiwa, tusidanganyane, hoteli isiyo na mgeni itatoa wapi. Lakini kuna taratibu: sababu ya kweli, taarifa mapema au malipo badala yake, kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya maamuzi, na siku za mwisho ulipwe mshahara ulioufanyia kazi, likizo ambazo hukuzichukua, na upewe cheti cha kazi.

Na nyinyi wenye gesti za vyumba vitano na maduka ya Darajani, nyinyi pia ni waajiri. Huna pesa? Waite watu wako, waoneshe daftari la mapato, kubalianeni nusu mshahara kwa miezi miwili, andikeni, kila mmoja asaini abaki na kopi. Watu wanaelewa wakiambiwa ukweli.

Yakishindikana yote, nenda Kamisheni ya Kazi, na ulioko Pemba una ofisi yao huko huko, huna haja ya kupanda boti. Kama uko kwenye chama pitia kwanza kwa kiongozi wa chama, ukikosa waulize ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar. Nendeni watu watatu wanne mlioachwa pamoja, mfuko wa karatasi mkononi, na nendeni wiki hiyo hiyo, sisi tulikaa miezi tukingoja kuitwa na swali la mwanzo tuliloulizwa pale ni kwanini tumechelewa.