Somo la mpira wa kikapu: Kutumia ulinzi wa sanduku na mkabaji mmoja kuizuia timu inayofunga pointi nyingi

Timu inayofunga sana mara nyingi ina vyanzo viwili: mashambulizi ya kushtukiza, na mfungaji mmoja anayewabeba wenzake. Ziba cha kwanza kabla hujagusa cha pili. Makocha wengi wa shule hukimbilia kumkaba nyota huku wakifungwa vikapu rahisi kabla ulinzi haujajipanga.

Hatua ya 1. Mwenzenu akirusha, wawili warudi nyuma papo hapo, wasingoje kuona kama mpira umeingia. Watatu wagombee ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu. Wakiikosa, aliye karibu amsimamie mbele mwenye mpira asipige pasi ndefu.

Hatua ya 2. Wanne wapange sanduku: wawili kwenye ncha za mstari wa mtupo huru, wawili chini, kila mmoja upande wake wa kikapu. Mikono juu, na waitane kwa sauti.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Wa tano anamfuata nyota popote, hata asipokuwa na mpira. Atazame kifua cha nyota, mguu mmoja na mkono mmoja vikiwa kwenye njia ya pasi. Nyota akiwekewa skrini, yaani mwenzake akisimama kumzuia mkabaji njia, mkabaji apite upande wa juu akiwa amemganda begani. Akikata kwa chini, keshampa nafasi ya kurusha mtupo wa pointi tatu kutoka mbali. Nyota akipokea mpira, mwelekeze ndani ya sanduku, penye watu.

Nick Nurse, wakati huo kocha wa Toronto Raptors, alimfanyia hivyo Stephen Curry, nyota wa Golden State Warriors, kwenye fainali za NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani) za 2019, mwishoni mwa mchezo wa pili. Wafungaji wenzake wawili hawakuwepo uwanjani: Klay Thompson alikuwa ameumia, Kevin Durant hayupo. Golden State Warriors walikaa dakika kadhaa bila pointi, kisha Andre Iguodala, aliyeachwa wazi, akapiga tatu iliyomaliza mchezo, Warriors wakashinda 109–104. Nauamini mfumo huu, lakini bei yake ndiyo hiyo: lazima uchague nani umwache arushe.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo kocha. Nyota wao akifunga hata akikabwa, nibadilishe?
Marahaba. Angalia wenzake kwanza. Mchezo wa tatu wa fainali hizo za 2019 Curry alifunga 47, na Raptors wakashinda 123–109. Kama wenzake hawafungi, endelea.

Wapinzani wetu wana wafungaji wawili hatari. Tunafanyaje?
Acha sanduku. Wawili wakabe mtu kwa mtu, watatu wakae pembetatu. Kona zitabaki wazi, kwa hiyo tumia kwa muda mfupi, hasa baada ya taimauti, kabla hawajazoea.

Mkabaji wangu hufikisha faulo tatu kabla ya mapumziko.
Huyo anatumia mikono badala ya miguu, kaka. Mazoezini mfanye akabe ameshika jezi yake mwenyewe kwa mikono miwili. Pia andaa wa pili wa kupokezana naye, maana kazi hii inachosha kuliko zote uwanjani.